Jina Nyuma ya Droo

Jina lililokuwa kwenye kibao cha shaba mlangoni mwetu halikuwa la mtu aliyeijenga nyumba ile, na mke wangu alipogundua hivyo, mimi ndiye niliyemshauri anyamaze. Nalitanguliza hilo ili nisije nikaonekana shujaa wa habari hii. Sikuwa.

Tuliinunua nyumba hiyo mwaka 1999, mjini Fort Worth, Texas, upande wa kusini, karibu na hospitali. Kagendo alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji, mimi nilikuwa maabara. Wakenya wenzetu wakati huo walikuwa wakinunua nyumba mpya za matofali kwenye mitaa ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa malisho ya ng'ombe. Rafiki yetu Kipchoge, ambaye tayari alikuwa na yake kule Pearland, alitutembelea, akasimama barabarani kuitazama yetu, kisha akaniuliza taratibu kama tumenunua nyumba au tumenunua kesi. Rangi ilikuwa ikibambuka, ngazi za mbele zimelala upande, na mwenye nyumba aliyetutangulia alikuwa amefunika kuta za nje kwa mabamba ya plastiki.

Kagendo aliiona kwa macho mengine. Baba yake alikuwa seremala huko Chuka, na yeye alikulia kwenye maranda. Siku ya kwanza tulipooneshwa nyumba ile hakuuliza habari za jikoni wala gereji. Alipiga magoti sebuleni, akapitisha kiganja sakafuni, akasema huu ni msonobari wa zamani, wa miti iliyokua polepole, na siku hizi haupatikani hata uutafute vipi.

Nyumba za aina hiyo huko Marekani huitwa Craftsman, maana yake fundi stadi. Zilijengwa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya ishirini, na ukiijua moja umezijua zote: paa lililolala lenye upenu mpana, ncha za mapau zimeachwa zionekane badala ya kufichwa, baraza kubwa mbele, na nguzo zilizo nene chini na nyembamba juu, kila moja imesimama kwenye kikuta cha matofali. Ndani hakuna madoido. Uzuri wake ni mbao yenyewe na namna ilivyoungwa. Yetu ilikuwa na rafu za vitabu pande zote mbili za mahali pa kuotea moto, na katika chumba cha kulia kulikuwa na kabati la vyombo lililojengewa ukutani, limeenea ukuta mzima, lina milango ya vioo juu na droo tisa chini. Lilikuwa limepakwa rangi nyeupe mara tano au sita, moja juu ya nyingine. Kagendo alikuwa hawezi kulipita bila kuligusa.

Kibao cha shaba tulikikuta. Kilisema: Nyumba ya Beckwith, 1919. Mjenzi, Harlan Beckwith. Nyumba kumi na moja mtaani zilikuwa na kibao kama hicho, na chama cha kutunza nyumba kongwe cha mtaa wetu kilijivunia sana vibao hivyo. Tulielezwa kwamba Beckwith alikuwa mkandarasi mwenye kipaji, aliyezibuni nyumba zile na kuzijenga kwa mkono wake. Hatukuwa na sababu ya kubisha.

Tuliikarabati kidogo kidogo. Kazi iliyohitaji mkono wa kweli tulimngoja Tharcisse, Mkongomani wa Bukavu tuliyejuana naye kanisani. Alisomea useremala kwa mapadri, akafungua karakana yake, vita vikamkimbiza, na Fort Worth ikampa kazi ya kupanga maboksi ghalani. Kila Jumamosi alikuja kwetu na randa na patasi zake, akafanya kazi bila kuzungumza mpaka njaa imshike. Yeye ndiye aliyeyabandua yale mabamba ya plastiki na kuyafungua madirisha, akatuonesha vyuma vya uzani vinavyoning'inia kwa kamba ndani ya fremu, vinavyofanya dirisha zito lipande kwa kidole kimoja. Wiki baada ya wiki alituambia kwamba aliyeunda madirisha ndiye aliyeunda ngazi, na ndiye aliyeunda kabati. Kila fundi hukata meno ya kuungia mbao kwa namna yake, alisema, na huyu alikuwa akilifanya jino la mwisho jembamba kuliko wenzake.

Januari ya mwaka 2004 alifika kwenye droo, ambazo nyingi zilikuwa zimekwama kwa rangi. Alizichomoa zote tisa, akaingiza kichwa na tochi ndani ya tundu, akakaa humo kitambo. Kisha akaita.

"Mama Wanja, kuya kwanza." Wanja ni binti yetu. "Kuko mutu aliandika jina yake huku ndani."

Tulilala kifudifudi, mimi na Kagendo, bega kwa bega. Kwenye ubao wa nyuma, mahali ambapo rangi haikuwahi kufika, palikuwa na maandishi ya penseli nene ya seremala, herufi zimenyooka kama zimepimwa kwa rula: E. Stovall alijenga hili na nyumba hii yote. Machi 1919.

Nikasema pengine huyo Stovall alikuwa kibarua wa Beckwith. Tharcisse akatikisa kichwa.

"Patron haandikake nyuma ya droo, vraiment," alisema, na kwa patron alimaanisha tajiri mwenye kazi. "Patron anaandikaka ku mulango."

Kagendo alibaki sakafuni baada ya sisi kuinuka, na nilipomletea chai alikuwa bado amelala pale, tochi mkononi, akiyasoma maneno yale tena.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya chama. Nyumba yetu ilikuwa imechaguliwa kuwamo kwenye matembezi ya nyumba kongwe, Jumamosi ya pili ya Mei. Watu wangekata tiketi, wangepewa kijitabu chenye historia ya kila nyumba, na wangeingia kuona. Mwenyekiti, Bi Lorraine Haskell, aliomba nakala za karatasi zozote za zamani tulizokuwa nazo. Nataka niseme kwamba Bi Lorraine hakuwa mtu mbaya kwetu. Siku tulipohamia alituletea keki ya limau, na Wanja alipougua tetekuwanga alimletea vitabu.

Kagendo alitumia siku yake ya mapumziko kwenda ofisi ya karani wa kaunti, akitumaini kulikuta jina la Stovall kwenye hati za mwaka ule. Hakulikuta. Hati ilimtaja Beckwith kuwa muuzaji, basi. Lakini alirudi na nakala nyingine, ya masharti ya nyumba, akaiweka mbele yangu mezani, akaweka kidole kwenye kifungu cha nne.

Kifungu kilisema kwamba nyumba hii isiuzwe, isikodishwe wala isikaliwe na mtu yeyote mwenye damu ya Kiafrika, isipokuwa awe mtumishi wa mwenye nyumba.

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza na nilijikuta naitazama, kana kwamba ndiyo iliyotajwa. Nikamwambia Kagendo kile ninachokijua, kwamba mahakama ziliviua vifungu vya namna hiyo miaka mingi kabla yetu, kwamba hakina nguvu yoyote, kimekufa.

"Kimekufa lakini hawajakizika," alisema. "Na sisi tumekitilia sahihi, Ngugi."

Ilikuwa kweli. Siku ya kununua tulisukumiwa rundo la karatasi, tukatia sahihi hadi vidole vikauma, na mojawapo ilisema tunaipokea nyumba pamoja na masharti yake yote yaliyoandikishwa. Muuguzi na mfanyakazi wa maabara, wote weusi, wamevaa nguo za kanisani, wanatia sahihi karatasi inayosema wao wasikae humo. Na aliyetukabidhi kalamu alikuwa akitupongeza.

Kitabu cha simu cha mji kilikuwa na kina Stovall kumi na wanne. Kagendo alianza na wa kwanza. Wa tisa, mwanamume mwenye sauti nzito, aliposikia herufi E alisema huyo ni babu yake Ezekiel, na kwamba ikiwa ni habari za nyumba, tumwone shangazi yake Odessa kabla hajaondoka duniani.

Bi Odessa alikuwa na miaka tisini na mitatu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka arobaini na moja, sasa aliishi peke yake upande wa mashariki wa mji katika nyumba ndogo iliyojengwa na baba yake, na alikuwa bado anasahihisha sarufi ya watu. Alitukaribisha kwa tahadhari. Kagendo alipomwonesha picha ya yale maandishi, aliishika karibu na miwani, akaiweka pajani, akaigeuza kifudifudi. Halafu akaanza kusema, na alisema kwa saa nzima.

Beckwith, alisema, hakuwahi kushika msumeno. Alikuwa na suti na gari. Ramani za nyumba alikuwa akiziagiza kwa posta kutoka kwenye katalogi, na zilikuwa ramani za nchi za baridi, za watu wanaotaka kulizuia joto lisitoke. Ezekiel, baba yake Bi Odessa, ndiye aliyezigeuza ziwe za Texas. Aliinua sakafu kutoka ardhini ili upepo upite chini. Aliyapanga madirisha yatazamane, ili ukifungua la mashariki na la magharibi nyumba ipumue. Aliuongeza upenu futi mbili kwa sababu ya jua la Agosti. Kabati la vyombo halikuwamo kwenye ramani yoyote, ni la kichwa chake. Alikuwa na wasaidizi wanne, na kwa miaka saba walijenga nyumba kumi na tisa katika mtaa ule, wala hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kupanga chumba humo.

Bi Odessa mwenyewe alikuwa na miaka minane wakati nyumba yetu inajengwa. Alimpelekea baba yake chakula cha mchana, na alikuwa akikipitisha juu ya ua wa nyuma, kwa sababu Beckwith hakutaka wanunuzi waone watoto weusi mbele. Nyumba ilipokwisha aliomba aingie aione. Baba yake alimwambia haiwezekani. Badala yake, jioni zile alimketisha na kumweleza chumba kwa chumba, droo kwa droo.

"Naijua nyumba yako yote kwa masikio," alimwambia Kagendo. "Kwa macho siijui."

Kisha akamtuma mpwa wake, yule wa kwenye simu, alete bahasha. Ilikuwa na picha ya wanaume watano weusi wamesimama kwenye baraza lisilomalizika. Nguzo zetu zile, nene chini, zilikuwa tayari zimesimama. Katikati alikuwa mtu mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio. Nyuma ya picha mama yake Bi Odessa alikuwa ameandika majina yote matano, mwaka, na namba ya nyumba. Namba yetu.

Nilitoka pale nikiamini kazi imekwisha. Ushahidi gani tena mtu angetaka? Nilidhani chama kitafurahi.

Tulikutana na kamati mwezi Machi, nyumbani kwa Bi Lorraine. Walikuwa watano. Kagendo alizipanga nakala zake mezani kama anavyopanga vifaa vya upasuaji, akaeleza kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho, na akaomba mambo mawili tu: jina la Ezekiel Stovall liandikwe kwenye kijitabu kuwa ndiye mjenzi, na kifungu cha nne kitajwe kwenye historia ya nyumba, kwa kuwa ni historia yake.

Mzee mmoja wa kamati akasema kibarua yeyote anaweza kuandika jina lake ndani ya kabati. Mama mwingine akasema picha inaonesha watu wamesimama, haioneshi wanajenga. Mwanamume aliyekaa karibu nami akasema nyumba kumi na moja zina vibao, wenye nyumba wamezoea vibao hivyo, na mtu akianza kukwangua kimoja vyote vitatikisika. Huyo angalau alikuwa mkweli. Bi Lorraine alisema wote wanasikitishwa na mambo ya zamani, lakini matembezi ni siku ya kusherehekea uzuri, na kijitabu kina kurasa chache.

Mtindo wenyewe unaitwa kwa jina la fundi. Kwenye kila ukurasa wa kijitabu kile neno fundi lilirudiwa mara tatu, mara nne. Walilipenda neno. Mwenye kazi ndiye hawakumtaka.

Kagendo aliposikia ile habari ya watu waliosimama, alivuta pumzi aanze kujibu. Mimi nikamgusa goti chini ya meza. Akaniangalia, akazikusanya nakala zake, akashukuru kwa chai.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye ngazi akasimama.

"Ulinigusa goti," alisema.

"Sikutaka ujichoshe. Tunaishi na watu hawa, Mama Wanja."

"Hukuogopa nitachoka. Uliogopa watanichukia."

Tulikuwa Waafrika pekee katika mtaa ule, na mimi kwa miaka mitano nilikuwa nimekata nyasi kabla hazijaota vizuri, nikapunguza redio kabla hajalalamika mtu, nikawapungia mkono hata wasionipungia. Nilikuwa nimeishi kwangu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nilimwambia tuache, maana wenyewe tunaujua ukweli na hilo linatosha. Aliniuliza linamtosha nani.

Mwishoni mwa Aprili Bi Lorraine alikuja mwenyewe na kijitabu kilichochapishwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeleta zawadi. Alisema kamati imelifikiria jambo letu kwa uzito, na wamekubali tukutane katikati. Kagendo alikifungua palepale mlangoni. Jina la Beckwith lilikuwa limeondolewa. Mahali pake paliandikwa: Mjenzi hajulikani.

Kagendo akainua macho.

"Hajulikani na nani?" aliuliza.

Bi Lorraine alisema kitu kuhusu viwango vya utafiti. Mimi nilikuwa nyuma ya mke wangu, nikikisoma kijitabu juu ya bega lake. Uongo wa kwanza ningeweza kusema ni wa watu waliokufa, wenye suti zao na magari yao. Huu wa pili ulikuwa umeandikwa mwezi ule na watu waliokunywa nasi chai, wakiwa wameiona picha, wameyasoma majina matano nyuma yake. Walikuwa wamejulishwa, wakachagua kutojua, kisha wakatuletea kutojua kwao kama upendeleo. Hata hivyo siku ile nilinyamaza.

Siku ya matembezi Kagendo alitaka nimwendee Bi Odessa saa tatu asubuhi. Alikuwa amekiandikia chama barua fupi kwamba mgeni wetu atakuwapo, hakuna aliyejibu. Nilimkuta Bi Odessa amevaa suti ya rangi ya samli na kofia, mpwa wake amemshika mkono. Tulipofika nyumbani alikataa tumpitishe upande wa gereji penye ngazi chache. Alipanda ngazi za mbele saba, akipumzika kila moja. Barazani aliishika nguzo, akaizungushia mkono. Akaingia kwa mlango wa mbele.

Tharcisse alikuwa amelikwangua kabati lote likabaki mbao tupu, lililopakwa mafuta. Bi Odessa alisimama mbele yake. Nilidhani atalia. Alivuta droo ya kwanza, akaisukuma. Akavuta ya pili. Alizivuta zote tisa, akizihesabu kwa sauti ya chini, na ya saba ilipokwama kidogo alimgeukia Tharcisse kwa jicho la mwalimu, na Tharcisse akasema ataishughulikia. Kisha akaketi kwenye kiti tulichomwekea, kando ya kabati, picha ya baba yake mapajani.

Wageni walianza kuja saa nne. Waliingia wakisoma kijitabu, wakaangalia dari, sakafu, vioo. Wakifika chumba cha kulia walimkuta mwanamke mzee aliyewauliza, kama angewauliza wanafunzi, ukurasa wao unasemaje kuhusu mjenzi. Walisoma kwamba hajulikani. Yeye akawaambia jina. Tharcisse alikuwa amechomoa droo moja, na anayetaka aliinama na tochi akajisomea. Wengine waliondoka haraka. Wengi walibaki. Kufikia saa sita chumba kilikuwa kimejaa na foleni imetoka hadi barazani.

Hapo Bi Lorraine akaja. Alikuwa ameambiwa. Alipita katikati ya watu akitabasamu, akatuita mimi na Kagendo pembeni, karibu kiasi kwamba Bi Odessa alisikia kila neno. Alisema njia imeziba, wageni wanachanganyikiwa kwa maelezo ambayo hayajathibitishwa, na isitoshe mama huyu atakuwa amechoka. Akasema, kwa upole kabisa:

"Labda angepumzika kule nyuma, jikoni. Kuna nafasi."

Nilimtazama Bi Odessa. Hakuwa amesogea. Lakini mikono yake ilikuwa imeifunika picha, kama mtu anayekinga kitu na mvua, na nikakumbuka ule ua wa nyuma na mtoto wa miaka minane aliyekuwa akipitisha chakula juu yake. Miaka themanini na tano, na mtu bado anamwambia apite nyuma. Na aliyesema hakujua hata alichokisema. Alidhani anafanya wema.

Kagendo alifungua mdomo. Safari hii nilimtangulia.

"Hakuna atakayekwenda jikoni," nilisema. Watu wakageuka. "Mama huyu ameketi nyumbani kwangu, mbele ya kazi ya baba yake. Wewe ndiye nakuomba utoke. Mlango ni huo wa mbele."

Bi Lorraine aliiva kwa wekundu kuanzia shingoni hadi masikioni. Aliniambia hakunitarajia mimi, Ngugi, kusema naye hivyo. Nikamjibu kwamba hata mimi sikujitarajia, na nikamfungulia mlango.

Baada ya nusu saa vijana wa kujitolea walikuja kung'oa bango la chama kwenye nyasi zetu, na kwenye meza ya tiketi wageni walianza kuambiwa kwamba nyumba yetu imefungwa kwa dharura. Haikusaidia sana. Waliokwisha kuingia hawakutoka, na wengine walikuja kwa kuambiana. Mzee mmoja mwenye kibao cha Beckwith barabara ya pili alimwuliza Bi Odessa kama na yake ni ya Stovall. Akamwambia aangalie nyuma ya droo ya chini, kushoto. Yule mzee alinipigia simu Jumatatu. Jina lilikuwapo, Novemba 1921. Akaniomba sana nisimtaje kwa mtu, kwa kuwa alikuwa mbioni kuiuza nyumba. Nilikata simu kabla hajamaliza.

Chama hakikutuandikia tena. Keki hazikuja. Majirani wawili waliacha kutusalimia, na mmoja ambaye hakuwahi kutusalimia alianza.

Kagendo hakuridhika na siku moja ya maneno. Aliuliza huku na huku hospitalini mpaka akapata mwanasheria, mume wa nesi mwenzake, aliyemwambia kwamba kifungu cha nne hatuwezi kukifuta kitabuni, sheria haikuwa na njia hiyo. Lakini mwenye nyumba anaweza kuandikisha hati ya kiapo inayohusu nyumba yake, nayo ikawekwa kwenye kumbukumbu zilezile za kaunti milele. Waliiandika pamoja, kurasa mbili. Mwezi Juni tukampeleka Bi Odessa mbele ya afisa wa viapo, akainua mkono wa kulia, akaapa kwamba baba yake, Ezekiel Stovall, seremala, aliijenga nyumba hiyo pamoja na wanaume wanne, akawataja mmoja mmoja. Picha iliambatanishwa, na ya yale maandishi ya penseli.

Katika ofisi ya karani wa kaunti, binti wa dirishani aliigeuza hati mara mbili akituuliza ni ya aina gani, ni mauzo, ni rehani, ni mgogoro wa mpaka? Kagendo alimwambia ni marekebisho. Binti akasema hana aina hiyo kwenye orodha yake. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akaisoma yote akiwa amesimama, akaturudishia, kisha akaichukua tena na kumwambia binti aipige mhuri. Mhuri ulichukua sekunde moja. Bi Odessa aliomba aoneshwe namba ya kitabu na ya ukurasa, akaziandika kwenye kidaftari chake, akamwambia yule binti kwamba neno moja kwenye tangazo la ukutani limekosewa tahajia.

Kwenye gari nilidhani Kagendo amefurahi. Nilipomtazama niliona bado amekasirika, labda kuliko siku ile ya kamati, na mimi nilikuwa hivyohivyo. Jina lilikuwa limeandikwa, na kifungu cha nne kilikuwa bado mahali pake, kurasa elfu kadhaa nyuma.

Bi Odessa alisema ana njaa, na kwamba hataki chakula cha nyumbani. Tukampeleka kwenye mkahawa wa samaki karibu na kanisa lake. Aliagiza kambare wa kukaanga na kabichi, akala akamaliza, na kila aliyekuja kumsalimia mezani pale alimwambia ametoka kaunti, kumwandikisha baba yake.